Siku bibi aliponionesha daraja la Darajani

Desemba 2010, skuli zimefungwa, bibi akanichukua kwetu Pemba, kutoka Wete mpaka Mkoani tukapanda meli ya usiku, alfajiri tumo bandarini Malindi. Nlikua na miaka 13 na Unguja sijawahi kuikanyaga. Tukafikia kwa mama mdogo Bububu, siku ya tatu bibi akasema haya mume wangu, leo mie na weye tu, nikakuoneshe mji nliokulia.

Tukapanda daladala ya 502. Wa bara mkisikia daladala msifikirie Hiace, zetu za wakati ule ni gari ya mzigo imewekwa paa la mbao na mabenchi, mnakaa mnatazamana, unaingia umeinama, na ndoo za samaki zimo humo humo. Kibweni, Mtoni, Maruhubi, bibi anataja kila mahali kabla hatujafika. Tuliposhuka Darajani nkamuuliza, bibi daraja lenyewe liko wapi? Akanambia tembea kwanza, tutarudi.

Tukaingia Mkunazini, tukasimama kwenye kanisa lililojengwa palipokua soko la watumwa, soko lile lilifungwa 1873, na madhabahu wanasema ipo pale pale ulipokua mti wa kuwachapia watu. Bibi hakusema neno, mkono kifuani tu.

Halafu vichochoro. Majina ya mitaa hakuyatumia kabisa, anakwenda kwa baraza na milango, akipita ukutani anapapasa chokaa kama anasalimia mtu. Soko Muhogo wazee wamekaa na kahawa, mmoja akamkazia macho mpaka nkaona vibaya, mara akasema, weye si mtoto wa fundi cherehani, yule akija na chakula cha baba yake kila mchana? Bibi akakaa chini pale pale barazani. Walizungumza mpaka adhana ya adhuhuri, nani yupo, nani kafa, duka la baba yake bibi sasa linauza vinyago, na mie nna kashata mkononi nimesahau hata kuila, sikuwahi kumuona bibi akicheka vile, hata Pemba kwenye harusi.

Forodhani akanambia Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash 1883, kalipita utoto wake wote na hajawahi kuingia ndani. Akalipa kiingilio, akapanda ngazi moja moja mpaka kwenye roshani, tukaona majahazi. Akasema kumbe bahari kutoka hapa ndo hivi. Lilipoporomoka upande mmoja 25 Desemba 2020 mtu wa kwanza kumkumbuka ni yeye, keshafariki, na nlilia sana siku ile.

Magharibi inakaribia tukarudi Darajani. Akanisimamisha kando ya barabara, soko nyuma yetu, akasema hapa ulipo umo majini. Hapa palikua mkono wa bahari, maji yakijaa mpaka hapa, baadae wakapafukia, na sisi wa Vikokotoni tukiitwa watu wa Ng'ambo kwa sababu ya maji haya, na daraja ndo hapa nkipita na chakula cha baba kichwani.

Konda anaita Bububu Bububu upande wa pili. Bibi akanyoosha mkono, akasema nshike, usije ukatumbukia. Tukavuka.