Tulivyolishusha tawi la mwembe lililovunjika likaning'inia uwani kwa mama

Kwa mama hapa Tanga kuna mwembe wa dodo uwani, mkubwa kweli, na masika hii upepo ulipiga usiku kucha, asubuhi tukakuta tawi zima limevunjika ila halijafika chini. Shinani limebaki limeshikwa na gome tu upande mmoja, huku nchani limekaa kwenye panda la tawi jingine. Na chini yake ndo mama anapofulia, ndo watoto wanapocheza, na mfuniko wa chemba ya choo uko palepale.

Mdogo wangu akatoka na panga anataka kupanda. Mama akamwambia we mwanangu hapandi mtu hapo, na mi nikamuunga mkono kabisa, maana tawi likiwa limenasa hivyo hujui uzito umelala wapi, unakata kidogo linajipinda linakurudia kifuani. Ngazi nayo hapana, tawi likishuka linaifagia na wewe uko juu. Tukatoa kila kitu chini ya mti, mlango wa uwani tukaufunga kwa nje, watoto wakapelekwa kwa jirani, tukaacha hadi upepo utulie.

Kitu cha kwanza nilichokagua ni umeme. Waya unaotoka nguzoni kuja nyumbani ulikuwa upande wa pili, mbali na tawi, alhamdulilahi. Ungekuwa umegusana na tawi hata tone la kazi tusingefanya, tungewaita TANESCO na kukaa mbali, na hapa naomba watu wanielewe vizuri, kuzima meni swichi ndani HAKUZIMI ule waya wa kutoka nguzoni. Ule una moto muda wote, na tawi bichi lililolowa mvua linapitisha umeme.

Sasa kuna mzee jirani yetu, maisha yake yote bandarini na kwenye mashua, nikaenda kumpa shikamoo na kumweleza. Akasema, "Marahaba mwanangu, hilo halikatwi, hilo linavutwa." Akaja na kamba nyembamba ya nyavu, mwishoni kafunga chubwi la risasi, kile kizito cha wavuvi cha kuzamishia mshipi, na kamba nene ya manila ndefu mno. Akaikagua manila yote kwa vidole, pole pole, akitafuta sehemu iliyolika. Kamba ya katani niliyokuwa nayo stoo aliikataa, akasema imekaa na unyevu imeoza ndani hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Alisimama pembeni, sio chini ya tawi, akarusha chubwi likapita juu ya tawi usawa wa katikati kuelekea nchani, likashuka upande wa pili. Pale chini akaunganisha kamba nyembamba na manila, akavuta hadi manila nayo ikapita juu na kurudi chini. Alafu ndo nikaona ufundi wenyewe: mwisho mmoja wa manila akafunga kitanzi, ule mwisho mwingine akaupitisha ndani ya kitanzi, akavuta, kitanzi kikapanda chenyewe taratibu mpaka juu kikalikaba tawi. Yani tawi limefungwa barabara na hakuna aliyeinua mguu kutoka ardhini.

Kwenye mfuniko wa chemba tukapanga matairi ya zamani, mawili mawili, maana mfuniko ule ukivunjika ni balaa jingine. Tukaenda kusimama mbali, zaidi ya mara mbili ya kimo cha pale tawi lilipo, upande ambao hauna ukuta wala bati la jiko. Mzee akatukataza kuzungushia kamba mkononi au kiunoni, unaishika tu, ili likikimbia uiachie, na asikae mtu kwenye mstari wa kamba kwa nyuma kwa sababu manila inavutika ikikatika inachapa vibaya. Hatukuvuta kwa nguvu moja, tulikuwa tunavuta tunalegeza, tunavuta tunalegeza, tawi likawa linacheza kwenye lile panda, mara gome likaanza kuchanika kwa sauti kama ya kanga mpya, na lote likaja chini likaangukia matairi.

Hatukulikimbilia. Tawi likianguka mara nyingi linaacha vijiti vilivyonasa juu vinavyodondoka baadaye, kwa hiyo tulisubiri, tukaangalia juu vizuri. Tena lilikuwa na viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wamechachamaa, tukawaacha wahame kwanza. Na ukikata maembe au matawi yake vaa mikono mirefu na glavu, utomvu wake unawasha na wengine unawababua ngozi.

Ile sehemu iliyobaki kwenye shina, imechanika chanika, tuliita fundi wa chenso mwenye mkanda wake na kamba. Alianza kwa kukata kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina, akaja kukata kutoka juu mbele kidogo ya pale, kipande kikaanguka bila kuchana gome la mti. Mkato wa mwisho akaupitisha nje ya ule uvimbe ambao tawi linatokea, hakuparaza shina, na hiyo ndo inauwezesha mti kufunga kidonda.

Jirani mwingine alileta oili chafu ya gari ili tupake, nikamshukuru nikakataa. Mtafiti wa Marekani anaitwa Alex Shigo, wa idara yao ya misitu, alipasua miti mingi sana kuangalia ndani akaonyesha kwamba mti unajizungushia kuta wenyewe kuzuia uozo, rangi na mafuta havizuii kitu.

Fundi alipokuwa juu akaona tawi jingine lina ufa pale linapogawanyika, upande wa jiko. Tumekubaliana arudi kulipunguza uzito kabla ya mvua za vuli, mzee ameshasema kamba yake ipo, na kwa sasa mama anafulia upande wa barazani.