Taa ya kijani ya swichi, ile ya kuonyesha seva imeunganishwa, imewaka, jamani!

Mchana kutwa nimo chumba cha seva hapa Mtwara, nje jua la kuchoma, mie na sweta. Swichi mpya ya mtandao wa hifadhi, ule unaounganisha seva na diski za data, imekuja na moduli za faiba, vile vichomekwa vya kupitisha data kwa mwanga, za gigabiti 32 kwa sekunde. Seva ya zamani ina kadi ya gigabiti 4. Taa haiwaki ng'o! Bosi kasema waya mbovu. Wapi! Moduli ya 32 hushusha kasi hadi 16 au 8, basi; 4 haiitambui. Tukachomeka ya 16, inayofika mpaka 4, ikakubali papo hapo.

Kaka mmoja alikuwa anachungulia tundu la moduli aone mwanga. Mwanga wake ni wa nanomita 850, yaani infraredi, jicho haliuoni, kaka, utaumiza shingo bure. Na vifuniko vya moduli na waya msitupe, vumbi huziba ncha za faiba.