Chuma kwa mimea ya tangi la samaki

Majani mapya yalitoka ya njano, mishipa tu ikibaki kijani. Ya zamani mazima. Hapo hukosekana chuma, si naitrojeni. Maji yangu ni ya kisima, Tabata, pH 7.4, na chuma cha EDTA (kemikali inayokishika chuma kisituame) hakidumu humo. Nikatafuta cha DTPA, kemikali nyingine ya kazi hiyohiyo, chenye chuma asilimia 11, kwa wauza pembejeo Kariakoo.

Gramu 4.5 kwenye nusu lita ya maji ya betri (si asidi, jamani!). Mililita 10 kwa tangi la lita 100 huongeza miligramu 0.1 ya chuma kwa kila lita. Fosfeti, mbolea nyingine ya mimea, ina chupa yake na siku yake. Zikichanganywa, chuma hutuama. Chupa naiweka kabatini, kwani mwanga huharibu DTPA.

Majani mapya sasa ni kijani. Yale ya njano nimeyakata.