Siku moja maishani mwangu: nauza vitabu vya Kiingereza Mji Mkongwe, Zanzibar

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kuuza vitabu vya Kiingereza vilivyotumika, ananiona nimekaa kwenye feni nasoma riwaya, mzungu anaingia, anatoa dola, anaondoka. Wengine wananiambia kabisa, "wewe umepata, dada." Basi leo naandika siku moja tu, Jumatano hii iliyopita, ilivyokwenda.

Saa kumi na mbili asubuhi watoto wa skuli wameshakunywa chai na boflo, nimepanda gari ya 502 kutoka Bububu mpaka Darajani, nakata vichochoro kwa miguu mpaka dukani. Hapo hamna cha kusimulia.

Saa mbili nafungua, na kazi ya kwanza si kuuza, ni ukungu. Kitabu huku kwetu kinaishi kwa tabu. Nyumba hizi ni za mawe na chokaa, masika ukuta unakunywa maji miezi yote, upepo wa baharini una chumvi, ukiacha kitabu kimegusa ukuta siku chache tu unakikuta kina madoa ya kijivu mgongoni. Kwa hiyo kila asubuhi nashusha rafu moja, napangusa kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, nakifungua katikati, nakipepea, nakinusa, maana ukungu unaanza kunuka kabla hujauona. Nyuma ya vitabu natia karafuu kwa ajili ya wadudu, na rafu zote nimezivuta mbali na ukuta, mkono unapita. Fundi alinambia napoteza nafasi. Nafasi naijua, ila vitabu ndio mtaji wangu.

Saa tatu na nusu likaja boksi kutoka Paje. Wageni wakimaliza likizo hawataki kubeba uzito, wanaacha vitabu hotelini, wafanyakazi wanavikusanya wananiuzia mimi. Vingine nafuata Dar kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini kule Posta, vinavuka na boti. Sasa ukifungua boksi la hoteli usitarajie Kiingereza kitupu, nusu nzima ni Kitaliano, Kijerumani, Kipolandi, kwa sababu ndio wageni wetu. Na hao hao wakimaliza walichokuja nacho ndio wanazunguka mji mzima kutafuta cha Kiingereza, maana cha kwao hawatakipata na Kiingereza angalau wanakisoma. Hili watu wengi hawalijui, wateja wangu wengi wa Kiingereza si Waingereza. Ndani ya boksi kulikuwa na vitabu vya mwongozo wa safari vya zamani, hivyo siviuzi hata mtu anisihi. Bado vinamwambia mgeni aingie Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, akaangalie makumbusho, na jumba lenyewe liliporomoka upande mmoja Desemba 2020! Siwezi kuchukua pesa ya mtu kwa kitu kama hicho.

Saa tano ndio akaingia yule bwana. Mholanzi, mtu mzima, jasho linamtoka mpaka shati limeganda mgongoni, na ameshakasirika kabla hajanijua. Kumbe alitoka Forodhani kutafuta duka la vitabu, simu yake ikapotea ramani kwenye vichochoro, akamuuliza papasi mmoja, hawa vijana wanaotembeza wageni, papasi akamwambia twende nakupeleka, akampeleka duka la viungo, kisha la picha za tingatinga, kisha la viungo tena, kote huko papasi anangoja kamisheni yake. Na duka langu lipo nyuma tu ya mtaa wa Gizenga, kutoka Ngome Kongwe ni mwendo wa dakika chache. Nikamuomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima, nikampa maji, nikampa kiti.

Alikuwa anataka riwaya ya upelelezi, sehemu ya tatu ya mfululizo fulani. Ya tatu sina, ninayo ya tano. Akasema sasa una duka la nini. Nikanyamaza, nikamtolea nyingine za aina hiyo hiyo, nikamuelezea hii inakwenda pole pole, hii mwisho wake mzuri, zote nimezisoma. Akazipiga picha majalada moja moja, akaanza kutafuta bei kwenye simu, akanambia hiki Uingereza kwenye maduka ya hisani kinauzwa pauni moja, wewe vipi shilingi elfu kumi na tano? Nikamueleza vizuri, boti, mchukuzi wa bandarini, kodi ya duka, vinavyooza. Akasikiliza, akasema elfu tatu. Halafu akatoa kwenye begi kitabu chake, kimevimba maji ya bahari kama andazi, mchanga wa Nungwi ukamwagika juu ya meza niliyoifuta asubuhi, anataka nikichukue hicho nimpe yeye viwili vyangu visafi!! Hapo nimesimama, adhana ya adhuhuri imeshapita, wateja wengine wawili wamechungulia wakaona hapageuki mtu wakaondoka, na yeye amekaa kwenye kiti changu anasoma, anasoma kweli, anafunua kurasa, mate kidoleni. Nikamwambia kwa heshima, baba, kitabu ukikilamba ukungu unaingia. Mwisho akachukua kimoja akanipa noti ya dola ya zamani sana ambayo hakuna biuro ya kubadilisha pesa itakayoipokea, nikairudisha, akatafuta shilingi mifukoni mwote mpaka akazipata. Elfu kumi na tano kamili. Sikupunguza, na sijutii.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Miguu inawaka. Wali nimekula umepoa, nikauza kamusi moja, akaja mama mmoja kunipangia bei ya vitabu vya watoto, umeme ukakatika, ukarudi.

Jioni jioni akaja mwanafunzi wa fomu tri, na buibui la skuli bado, akanisalimia, "Shikamoo anti, Gurnah yupo?" Tangu mzee wetu Abdulrazak Gurnah apate Nobel ya fasihi mwaka 2021 wageni wanamuulizia kila wiki, lakini anayenifurahisha mimi ni mtoto wa hapa hapa. Nikamtolea riwaya yake Paradise, na Peponi, ile tafsiri yake ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotoka kwa wachapishaji Mkuki na Nyota. Akaviweka vyote wazi juu ya meza, kidole huku kidole kule, anasoma sentensi ya Kiingereza halafu anaitafuta kwenye Kiswahili, akiipata anacheka peke yake. Watoto hawa sekondari masomo karibu yote wanafundishwa kwa Kiingereza, halafu kitabu cha Kiingereza cha kujisomea kwa raha hawana, na watu wanasema duka langu ni la wazungu!

Pesa yake ilitosha kimoja. Nikamwambia chukua vyote mwanangu, hicho cha pili tutaandika kwenye daftari, utalipa kidogo kidogo. Mama yake namjua.

Nikafunga baada ya magharibi. Kesho yake kulikuwa na boksi linakuja na boti ya asubuhi kutoka Dar na lazima niwe bandarini mapema, wale wachukuzi ukiwaachia vitabu wanavitupa chini palipo maji.