Supu ya kuku na tangawizi, dawa ya jioni za baridi

Ndugu zangu mnaoishi kwenye nchi za baridi, mnajua jinsi jua linavyozama saa kumi jioni na mtu anatoka kazini giza limeshatanda. Wengi wetu tunaishia kula chochote kilicho karibu, tunalala. Mimi nawasihi mpike supu ya kuku yenye tangawizi, tena ya mifupa, si ile ya unga wa pakiti.

Kuku wengi wa madukani huku ni wa kisasa, waliochinjwa wakiwa na wiki sita au saba tu. Nyama yao ni laini, lakini supu yake huwa nyepesi. Kwa hiyo achaneni na minofu ya kidari. Chukueni migongo, shingo, mabawa, na miguu ikipatikana. Kwenye ngozi, kano na mifupa ndiko kuliko na kolajeni, aina ya protini, ambayo ikitokota taratibu hugeuka jelatini, ule utelezi unaoganda ukipoa. Hiyo ndiyo inayoipa supu uzito, mpaka midomo inanatana kidogo ukishakunywa.

Anza na maji baridi, lita mbili hivi kwa kilo moja ya kuku. Yakikaribia kuchemka litapanda povu la kijivu; liengue lote kwa kijiko. Kisha punguza moto hadi ubaki unaona viputo vichache tu vikipanda pembeni mwa sufuria. Ukiacha moto mkali, mafuta huvurugika ndani ya maji na supu inatoka nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Saa moja na nusu inatosha. Ukibahatika kumpata kuku mkubwa aliyeacha kutaga, mpe saa tatu. Huyo ana ladha ambayo hakuna kiungo cha kuifikia. Kitunguu, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi: hayo kila mtu na mkono wake.

Ila kwenye tangawizi nina msimamo: iingie mara mbili. Mara ya kwanza, baada tu ya kuengua povu, weka kipande cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa. Hiki hupikika na mifupa, ukali wake ukapungua na harufu ikawa tamu. Mara ya pili, chukua nusu ya kiasi hicho, uikune, uitie dakika tano kabla ya kuepua. Tangawizi mbichi ina jinjeroli, kemikali inayoamsha neva zilezile zinazohisi moto, ndiyo maana koo linapata joto hata supu ikiwa imeshapoa.

Kuhusu mafua, tuseme ukweli. Mwaka 2000 Stephen Rennard na wenzake wa Nebraska, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa supu ya kuku ilipunguza mwendo wa chembe nyeupe za damu zinazochangia uvimbe. Lakini huo ulikuwa utafiti wa maabara, haukufanywa kwa wagonjwa. Mvuke na maji ya moto vinafungua pua, na hilo peke yake ni nafuu kubwa.

Unaishi peke yako? Pika sufuria nzima. Iingize kwenye friji ndani ya saa mbili, uinywe kwa siku tatu au nne. Ukiikuta imeganda na inatikisika, furahi, ni jelatini hiyo. Inayobaki igandishe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, na tangawizi ya mwisho uikune siku ya kunywa. Hata tangawizi yenyewe hukaa vizuri kwenye friza, na inakunika ikiwa bado imeganda.