Vitufe vya Fn kwenye Debian: mwanga na maiki vimekubali, kimoja bado

Hali ya mradi hadi Jumapili hii: mwanga wa kioo unapanda na kushuka kwa vitufe, maiki inazimwa kwa kitufe chake, sauti haikuwahi kusumbua. Kimebaki kitufe kimoja. Naandika sasa hivi kabla amri hazijanitoka kichwani, na kwa ajili ya yeyote mwenye laptopu ya mtumba aliyeambiwa na fundi kwamba kibodi imekufa, anunue nyingine.

Laptopu ni ya dada. Anasoma kozi kwa njia ya mtandao akiwa nyumbani Ujiji. Mchana inashinda dukani kwangu, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, tunachapia barua na fomu za watu. Niliiwekea Debian 12, mfumo wa Linux, huria, mwepesi, usiodai kununua leseni, pamoja na Xfce, programu inayoonyesha madirisha na menyu. Wi-Fi, printa na kamera vilikubali siku ileile. Vitufe vya safu ya juu, vile vinavyobonyezwa pamoja na Fn, ndivyo vilivyogoma, na kwetu hilo si jambo dogo. Duka linatazama magharibi, upande wa ziwa, na kuanzia saa kumi jioni jua linaingia mpaka mezani. Kioo chenye mwanga hafifu hakisomeki kabisa. Usiku umeme ukikatika unataka kinyume chake, mwanga ushuke ili betri ivumilie. Na dada akiwa darasani, watoto wakianza kelele uani, anahitaji kuzima maiki papo hapo, si kuanza kutafuta alama yake kwenye kioo huku mwalimu anamsubiri.

Jumatano usiku: njia ya kitufe

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua kitufe kikibonyezwa kinapita wapi. Kuna chipu ndogo kwenye ubao mkuu inayosimamia kibodi, betri na feni. Hiyo ndiyo inayomjua Fn. Mara nyingi Fn peke yake haitumi kitu. Chipu inatoa namba ghafi, yaani skankodi. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaipokea na kuipa jina, kwa mfano KEY_VOLUMEUP, ambayo kwa hesabu ya keneli ni 115. Jina hilo linapanda hadi kwenye seva ya picha, X, na X inalipa jina lake yenyewe. Mwisho Xfce inalipokea na kufanya kazi: inaongeza sauti, inapunguza mwanga.

Ni kama mzigo uliopakiwa kwenye treni kutoka Kigoma kwenda Dar. Usipofika, huendi kumlaumu aliyeutuma. Unauliza Uvinza, unauliza Tabora, unauliza Dodoma, mpaka ujue ulishushwa wapi. Kila kituo kwenye njia hii kina amri yake ya kuulizia: `sudo dmesg -w` kwa keneli, `sudo evtest` kwa kitufe kilichokwisha kupewa jina, `xev` kwa X. Vifurushi vyake ni evtest na x11-utils, na havili bando la maana.

Alhamisi: mwanga

Jambo la kwanza kujua ni kwamba evtest inaleta orodha ya vifaa, na kibodi ni kimoja tu kati yake. Kibodi yenyewe imeandikwa "AT Translated Set 2 keyboard". Nikiifuatilia hiyo, vitufe vya mwanga havionekani. Lakini chini kwenye orodha kuna "Video Bus", na nilipoichagua hiyo, kila nikibonyeza linatokea jina KEY_BRIGHTNESSUP au KEY_BRIGHTNESSDOWN. Kwa hiyo kitufe ni kizima na keneli inakifahamu vizuri. Hata Xfce ilikuwa inaonyesha kile kimstari cha mwanga kikipanda na kushuka. Taa ya kioo tu ndiyo haikubadilika.

Hapo tatizo si kibodi tena. Nenda kwenye folda `/sys/class/backlight`. Kwangu kulikuwa na jina moja tu, acpi_video0. Niliandika namba moja kwa moja kwenye faili lake la brightness; faili likaipokea, kioo kikabaki vilevile. Maana yake keneli ilikuwa inaiagiza BIOS, programu iliyomo kwenye ubao mkuu, ibadilishe mwanga, na BIOS ya mashine hii inasema ndiyo bila kufanya kitu. Dawa ni kuiambia keneli imwachie kazi draiva wa kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Kwenye `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya kuwasha mfumo, ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, niliongeza:

`acpi_backlight=native`

Kisha `sudo update-grub`, nikazima na kuwasha. Folda sasa ina intel_backlight, na vitufe vikafanya kazi bila kuguswa. Saa kumi na moja jua likiwa limejaa mezani nilipandisha mwanga hadi mwisho, nikamsomea mzee mmoja barua yake ya kiwanja bila kuigeuza laptopu. Nimefurahi sana.

Tahadhari kwa atakayejaribu kuandika namba kwa mkono: usiandike 0. Kwenye mashine nyingine 0 ni giza totoro, na utahangaika kuandika amri ya kurudisha mwanga usiouona. Soma kwanza max_brightness, uanzie nusu yake.

Jumamosi: maiki

Hiki ndicho kilichonifundisha zaidi. Kitufe cha maiki hakikutoa jina lolote kwenye evtest, wala kwenye xev. Fundi yeyote angesema kimekufa. Lakini dmesg ilikuwa inaongea. Kila nikibonyeza, mistari miwili:

`atkbd serio0: Unknown key pressed (translated set 2, code 0x81 on isa0060/serio0).`
`atkbd serio0: Use 'setkeycodes e001 <keycode>' to make it known.`

Yaani keneli inasema: nimebonyezewa kitufe, namba yake 0x81, sikijui jina, nipe jina. Kitufe kilichokufa hakiandiki mstari huo. Nilimwita dada aone, akasema, "Kumbe muda wote kilikuwa kinaita tu."

Amri ya setkeycodes inafaa kwa kujaribia. Ukizima mashine inasahaulika. Njia ya kudumu ni hwdb, daftari la vifaa ambalo udev, sehemu ya mfumo inayotambua vifaa, inalisoma kila mashine ikiwaka. Nilitengeneza faili `/etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb` lenye mistari miwili:

`evdev:atkbd:dmi:bvn*:bvr*:bd*:svn*:pn*:*`
` KEYBOARD_KEY_81=f20`

Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja. Bila nafasi hiyo hausomwi.

Sasa, kwa nini f20 na si micmute, wakati keneli ina jina KEY_MICMUTE? Jibu liko kwenye hesabu. KEY_MICMUTE ni 248. X huongeza 8 kwenye kila namba inayotoka kwa keneli, na X haioni kitufe chochote kinachozidi 255. 248 na 8 ni 256. Imepita kwa moja tu, na kwa X kitufe hicho hakipo. Waliotengeneza mpangilio wa kibodi wakakiwekea njia ya pembeni: F20, ambayo kwa keneli ni 190, na X ikishaongeza 8 inakuwa 198, inasomwa kama XF86AudioMicMute. Tachipedi nayo ina shida hiyohiyo, ndiyo maana utaona watu wameiandika f21. Usipoijua hesabu hii unaweza kuandika jina sahihi kabisa na bado usione kitu.

Baada ya hapo:

`sudo systemd-hwdb update`
`sudo udevadm trigger --sysname-match="event*"`

Nikafungua xev, nikabonyeza: keycode 198, XF86AudioMicMute. Kazi iliyobaki ni ya Xfce. Kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya njia za mkato, nilikifunga kitufe hicho na amri `pactl set-source-mute @DEFAULT_SOURCE@ toggle`. Jioni ile dada alikuwa na kipindi, adhana ya magharibi ikaanza, akabonyeza mara moja tu, akaendelea kumsikiliza mwalimu.

Jumapili: kilichobaki

Kitufe cha kuzima Wi-Fi hakionekani kwenye dmesg, wala kwenye kifaa chochote cha evtest, wala kwenye acpi_listen, amri inayosikiliza taarifa za BIOS. Vitufe vya aina hii mara nyingi havipiti njia ya kibodi; vinapita ACPI au WMI, njia ambazo BIOS inazungumza na mfumo, na vinahitaji draiva wa kampuni husika. Linux ina wengi: thinkpad_acpi, hp-wmi, dell-wmi, asus-nb-wmi, toshiba_acpi. Kwa mashine hii draiva yupo na anapakiwa, `lsmod` inamwonyesha, ila kitufe hiki hakimfikii. Wiki ijayo nitajaribu keneli mpya zaidi kutoka backports, hazina ya Debian ya matoleo mapya, nione kama ameongezewa kitufe hiki. Kwa sasa dada anatumia `rfkill block wifi` niliyoifunga kwenye Super (kitufe chenye alama ya Windows) na W, na inamtosha.

Jambo lingine ninalotaka kulimaliza: zile nyota kwenye faili la hwdb zinaikubali kila laptopu, na hilo halifai kugawiwa wengine, kwa sababu 0x81 kwenye mashine nyingine inaweza kuwa kitufe kingine kabisa. Nimechukua utambulisho kamili kwa `cat /sys/class/dmi/id/modalias`, naupunguza ubaki jina la kampuni na modeli tu. Nikihakikisha unafanya kazi, nitautuma kwa mradi wa systemd, wanaotunza daftari hilo la hwdb, uingizwe kwenye 60-keyboard.hwdb, ili atakayeweka Debian kwenye laptopu kama hii, awe Kasulu au Kibondo, akute maiki inazimika tangu siku ya kwanza.