Hii ya kusuka toa

Jamani nimerudi. Wale wa siku zote mnajua nilikuwa Makambako kwa msiba wa mzee, baba yangu, asanteni kwa salamu, waliochangia Mungu awazidishie. Arobaini tumemaliza, kaka karudi Dodoma na familia yake, yote heri. Ila kuna kitu kimenikaa kooni.

Ni ule wasifu wa marehemu. Mi ndo nilipewa kuuandika, si mnajua nyumbani ukishajulikana unaandikaandika basi kila karatasi ni yako. Nikaandika vizuri tu, kazaliwa 1953, kaingia TAZARA 1976 mwaka uleule Wachina wanakabidhi reli, kaanza usaidizi kapanda mpaka udereva, karibu maisha yote ni kipande cha Mlimba na Makambako kule kwenye mahandaki na madaraja, kwenda na viazi kurudi na mchele, kastaafu 2013. Halafu nikaweka sentensi moja, kwamba mama alipopata kiharusi mkono wa kulia ukagoma, mzee alijifunza kusuka, na tangu hapo nywele za mama alisuka yeye.

Ba'mdogo akasoma, akavua miwani.

"Hii ya kusuka toa."

"Kwa nini ba'mdogo? Si kweli?"

"Kweli. Ila sio kila kweli inasomwa mbele ya jeneza. Watu watacheka."

Nikamgeukia mama, nikajua hapa nina mtetezi. Akasema, "Toa tu mwanangu."

Nikatoa. Kanisani ikasomwa mume mwema, baba mlezi, ameacha mjane mmoja, watoto watano, wajukuu tisa. Yaani ungebadilisha jina tu ungemzika nayo mtu yeyote pale mtaani.

Toa tu. Nimekuja nayo kwenye basi mpaka Dar, napika nayo, nalala nayo. Aliona aibu? Aibu gani, wakati walikuwa wanakaa uani mchana kweupe, mama kwenye kigoda, mzee nyuma yake na chanuo mdomoni, redio pembeni, majirani wanapita wanasalimia! Au alimwogopa shemeji yake? Mama amwogope ba'mdogo, mtu aliyemlea mwenyewe toka anavaa kaptula? Hapana. Na wala haikuwa sauti ya mtu aliyechoka, ningejua.

Halafu wala kusuka kwenyewe hakujui mzee wa watu. Alijua mtindo mmoja tu, twende kilioni, na mistari inapinda kama reli inavyopanda kutoka Mlimba. Mama akishika kioo anamwambia "leo umeacha njia kabisa", mzee anamjibu "kaa chini, hatujafika stesheni". Kila mara hivyohivyo na kila mara wanacheka kama ndo mara ya kwanza. Sasa hiyo ungeiandikaje kwenye wasifu, maana hata ile sentensi yangu haikuwa imefika popote.

Sasa sikieni. Baada ya mazishi mashangazi wakaja na mafuta na chanuo, wanataka kumfumua mama, nywele zilikuwa zilezile alizosukwa na mzee wiki yake ya mwisho, zimechomoka huku na huku. Shangazi mkubwa akasema "Wifi njoo tukutengeneze, umekaa kama nini hivi." Mama akasema "Ziacheni." Shangazi akaanza maneno, mama kanyanyuka zake kaingia ndani kutoka huko kajifunga kilemba, mjadala umeisha. Mi nikacheka kwa sauti, msibani, shangazi akanikata jicho hilo! Ila ile sauti niliijua, ndo ileile ya toa tu. Hayakuwa yao yale.

Asubuhi ya arobaini kazifumua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, hadi karibu saa tano, hakutaka mtu amsaidie. Ba'mdogo kapita akamwona, akasalimia, akaenda kuhesabu viti.

Enhe, kingine. Jana mama kapiga simu anasema kuku wake wameanza kusinzia na kuharisha kijani, jirani anasema kideri. Na hiki kikiingia dawa hakuna, ni chanjo kwa wale wazima, na chanjo inauzwa kichupa cha kuku mamia huko wakati mama anao kumi na mbili tu. Kama kuna mtu maeneo ya Makambako anachanja wiki hii anicheki tuchange kichupa, tafadhali, kabla hawajaisha wote.